Kumfundisha mtoto wa miaka 3 hadi 5 nyumbani: pa kuanzia

Nianze na herufi au na namba? Nimnunulie vitabu gani? Akae chini kwa muda gani? Mimi si mwalimu, nitaweza kweli? Kila mwaka ukikaribia kuisha maswali haya hunijia tena. Wapo wazazi ambao ada ya chekechea imewashinda. Wapo ambao shule ya karibu imejaza watoto kupita kiasi kwenye chumba kimoja. Na wapo walioona tu kwamba mtoto wa miaka mitatu hapaswi kuamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi la shule. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, sasa nayaweka majibu yote mahali pamoja.

Shika jambo moja kwanza, kwa sababu hatua zote zinalitegemea: usihamishie darasa nyumbani. Mwalimu mwenye watoto hamsini hana budi kuwakalisha, kuwaandikia ubaoni na kuwaitikisha kwa pamoja. Wewe una mtoto mmoja au wawili, una jiko, una uwanja na una mdomo wa kuzungumza naye kutwa nzima. Ukiyaacha hayo ukamkalisha mezani na daftari, umechagua njia iliyo ngumu zaidi kwenu nyote wawili.

Kabla hujaanza

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Mwongozo huu unahusu miaka ya kabla ya darasa la kwanza. Kwa Tanzania Bara, Sera ya Elimu toleo la 2023 imeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali, kisha darasa la kwanza mtoto akiwa na miaka 6. Elimu ya msingi ni ya lazima, kwa hiyo usipange kumweka nyumbani kupita umri huo kabla ya kuzungumza na ofisa elimu wa kata yako. Kenya wana ngazi mbili za awali, PP1 kwa miaka 4 na PP2 kwa miaka 5, ndipo gredi ya kwanza. Muulize mwalimu wa awali wa shule iliyo karibu akuonyeshe mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ule ulioanza kutumika Januari 2024. Usome ujue mtoto anatarajiwa kufika wapi. Usiugeuze ratiba ya kila siku.

Shughulikia pia cheti cha kuzaliwa kama bado hana. Mikoa mingi sasa huandikisha watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya. Wazazi wengi hukumbuka cheti siku ya kuandikisha shule, wakati foleni imeshakuwa ndefu.

Vitu vya kuwa navyo:

- Vizibo vya soda au vifuniko vya chupa za maji, kama 20 hivi.
- Sinia pana na mchanga mkavu, laini, uliochekechwa.
- Kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, na chaki.
- Kalamu za rangi za nta. Zivunje vipande vifupi, nitaeleza sababu.
- Maboksi matupu ya sabuni na biskuti, mkasi wa ncha butu, na gundi ya uji wa unga wa ngano.
- Vitabu viwili au vitatu vya hadithi za Kiswahili vyenye picha kubwa. Huwezi kununua? Maktaba za mikoa zipo. Aliye Dar es Salaam aende Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako kuna sehemu ya watoto.
- Mkeka ambao ni wa kazi hii tu.
- Daftari moja, la kwako wewe.

Bado usinunue mabango ya herufi, madaftari ya mazoezi wala tableti. Pesa hiyo inunue mayai.

Tahadhari. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 3, maharage, karanga, shanga na kokoto ndogo visiachwe mkekani hata dakika moja. Huingia mdomoni, puani na masikioni. Harage likiingia puani, usilichokonoe kwa pini wala kijiti, kwa maana litazama zaidi, na likilowa litavimba. Mpeleke kituo cha afya. Vizibo vya bati vigonge kingo kwa nyundo hadi zilale, la sivyo zitamkata vidole.

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza, mwangalie tu

Usimfundishe kitu. Kaa na daftari lako uandike. Anapenda nini? Ana nguvu saa ngapi, na anaanza kuwa mkorofi saa ngapi? Anashika kijiko kwa mkono upi? Ukimtuma vitu viwili kwa mpigo, kwa mfano "lete kikombe halafu funga mlango", anakumbuka vyote? Anamaliza sentensi zake? Watu wasio wa nyumbani wanaelewa anachosema?

Mzazi anayeruka wiki hii humfundisha mtoto aliye kichwani mwake. Nimeona baba anahangaika na namba hadi ishirini kwa mtoto ambaye hajaelewa bado "tatu" ni kitu gani, kisa mtoto anaimba namba zote bila kukosea.

Hatua ya 2: Chagua saa zisizohama

Mtoto wa miaka mitatu hutulia na jambo moja kwa dakika chache, labda tano, labda nane. Wa miaka mitano hufika kumi na tano. Kwa hiyo panga vipindi vitatu vifupi, vyote kwa jumla visizidi saa moja kwa siku. Mfano ambao umefanya kazi kwenye nyumba nyingi:

- Saa tatu asubuhi, baada ya chai: kazi ya mikono, kisha sauti na herufi.
- Saa tano: kuhesabu, jikoni au uani.
- Jioni kabla ya kulala: hadithi.

Kinachobaki cha siku ni kucheza, kula, kulala na kukufuata nyuma unapofanya kazi zako.

Unatoka asubuhi na kurudi jioni? Basi mwalimu wa asubuhi ni dada wa kazi au bibi, lazima tuseme ukweli huo. Kaa naye Jumapili, mwonyeshe shughuli mbili tu za wiki nzima, mfanye pamoja mara moja mbele ya mtoto. Usimwachie maagizo ya maandishi yenye mambo kumi. Mwambie pia wazi kwamba mtoto akikataa, aachwe. Na kama dada mwenyewe hasomi vizuri, mpe hadithi za kusimulia na michezo ya kuhesabu. Huenda hapo akakushinda wewe. Hadithi ya jioni ibaki yako, hata kama umechoka. Kipindi hicho usikigawe kwa mtu.

Hatua ya 3: Zungumza naye, halafu zungumza tena

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote na ndiyo isiyoonekana kama kazi. Mtoto atasoma maneno ambayo tayari anayajua kwa sikio. Asiyejua "ghala" wala "mkulima" atasoma herufi zake zote na asielewe kilichosemwa.

Akisema neno, liongeze. Yeye: "Gari kubwa!" Wewe: "Ndiyo, gari kubwa jekundu, limebeba mchanga. Unadhani linaupeleka wapi?" Akikosea ngeli, usimcheke na usimwambie "sema vizuri". Akisema "vitu imeanguka", wewe jibu tu, "Kweli, vitu vimeanguka, tuviokote." Amesikia. Baada ya muda atarekebisha mwenyewe.

Hadithi moja isomwe au isimuliwe siku kadhaa mfululizo. Watu wazima tunachoka na marudio, mtoto hachoki. Siku ya kwanza simulia mpaka mwisho. Siku ya pili simama katikati: "Sasa Fisi atafanya nini?" Siku ya tatu mwache asimulie yeye, wewe uitikie. Anza na "Paukwa!" naye ajibu "Pakawa!", maana akili yake inatulia akijua kinachofuata ni hadithi.

Na lugha? Anza na ile mnayoongea nyumbani. Kama ni Kisukuma au Kichaga kwa bibi na Kiswahili kwa wazazi, vyote viwili vyema, kila mmoja aendelee na yake. Kiingereza kitakuja. Mtoto anayeambiwa "sit down", "come here" na mtu ambaye hakiongei Kiingereza kwa raha hupata maneno machache ya amri tu. Hapati mazungumzo, na mazungumzo ndiyo tunayoyatafuta.

Hatua ya 4: Mikono kabla ya penseli

Kuandika kunahitaji vidole vyenye nguvu, na vidole hupata nguvu kwa kazi. Mpe mahindi ayapukuchue. Mpe vitunguu saumu amenye, mchicha auchambue, unga wa chapati aukande. Afue soksi zake mwenyewe na kuzikamua. Afunge na kufungua vifungo vya shati. Akate majani ya mgomba au karatasi za maboksi kwa mkasi ule wa ncha butu. Mfanye hivi kwa miezi, si kwa siku mbili.

Akianza kuchora, mpe vile vipande vifupi vya kalamu za nta. Kipande kifupi hakishikiki kwa kiganja kizima, kwa hiyo vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Ubao ule mweusi uuegemeze ukutani, achore akiwa amesimama. Mkono ulioinuliwa hivyo huzoesha kifundo kukaa mkao unaofaa kwa kuandika.

Kosa la kawaida: kumlazimisha mwenye mkono wa kushoto aandike kwa kulia. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, mfundishe hilo bila shida. Kuandika ni jambo jingine, mwache atumie mkono ulio na nguvu.

Kosa jingine ni kumshika mkono na kumwandikisha. Mkono ulioshikwa haujifunzi, unasubiri kusukumwa.

Hatua ya 5: Masikio kabla ya herufi

Kabla hajaona herufi yoyote, asikie kwamba maneno yana vipande. Pigeni makofi: ma-ma, makofi mawili. Ki-ta-bu, matatu. Jina lake, majina ya ndugu zake, ya vyakula, ya wanyama. Akipiga makofi mawili kwa "mtu", amepatia: m-tu. Watu wazima wengi humkosoa hapo, kumbe yeye ndiye anayesikia vizuri. Vivyo hivyo "mkate" ni matatu, m-ka-te.

Akishaweza vipande, nenda kwenye sauti ya mwanzo. "Naona kitu hapa ndani kinaanza na mmm..." Atafute: meza, mlango, mkeka, mama. Mchezo huu unachezeka njiani kwenda sokoni au ndani ya daladala, bila kifaa chochote. Changanya na vitendawili vyepesi. "Nyumba yangu haina mlango" atakitegua siku utakapomwonyesha yai.

Msitoke hapa hadi mchezo wa sauti ya mwanzo uwe rahisi kwake. Kwa wengi hilo hufika kwenye miaka minne na kuendelea, na anayechelewa hana ubaya wowote.

Hatua ya 6: Herufi, kwa sauti zake

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo panapoharibika. Mtoto wa chekechea anakariri "a, ba, cha, da" kwa wimbo mzuri, mzazi anafurahi, halafu mwaka mzima hasomi neno. Amejifunza wimbo. Hajajifunza kwamba alama ile moja inawakilisha sauti moja.

Kiswahili kimetupa urahisi mkubwa: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake na haibadiliki. Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

1. Irabu tano kwanza: a, e, i, o, u. Wiki moja kwa kila irabu inatosha. Siku ya kwanza achore kwa kidole kwenye sinia la mchanga huku akiitamka. Ukiweza kupata msasa dukani kwa fundi, kata herufi ya msasa uibandike kwenye boksi, apitishe kidole juu yake. Kidole kitakumbuka pale macho yatakaposahau.

2. Kisha m. Itamke "mmm", midomo imefungwa. Usiseme "em" wala "ma". Weka m mbele ya a, uvute taratibu: mmm-aaa, ma. Ma-ma. Hapo mtoto amesoma neno lake la kwanza, na utauona uso wake.

3. Kisha k, halafu t, halafu b, moja moja, kila moja na irabu zake: ka ke ki ko ku. Sauti hizi huwezi kuzivuta kama m, kwa hiyo zikate fupi na uziunge haraka na irabu.

4. Sasa tazama ulichonacho. Kwa irabu tano na konsonanti nne tu, mtoto anasoma mama, mimi, kuku, kaka, baba, bibi, babu, bata, taa, kiti, moto, mti, mkia, tamu, mkate, mtoto, kiatu, kitabu. Anasoma hata sentensi: "Bibi ataka kiti." "Babu akata mti." Andika maneno haya kwenye vipande vya boksi, na yale ya vitu vya nyumbani yabandike kwenye vitu vyenyewe, kiti kwenye kiti.

5. Ongeza nyingine kwa mwendo wake: n, l, s, p, w, y na kadhalika. Herufi d iache mbali na b, ikiwezekana miezi miwili baadaye, la sivyo atazichanganya. Kadhalika r usiifundishe sambamba na l, hasa kama lugha ya nyumbani haitofautishi sauti hizo mbili.

6. Mwisho kabisa ndiyo ch, sh, ny, mb, nd, dh, th, gh na ng'. Hizi nyingi utaziachia darasa la awali au la kwanza. Hana haja ya kuzimaliza akiwa nyumbani.

Tumia herufi ndogo. Vitabu vimeandikwa kwa herufi ndogo. Kubwa ataanza na ile ya jina lake, Neema au Juma, naye ataipenda kuliko zote. Baadaye mwonyeshe maneno kwenye kanga ya mama. Mara nyingi yameandikwa kwa herufi kubwa tupu, ni zoezi zuri la kuzitambua.

Kosa la kawaida: kumjazisha kurasa za "a a a a a". Mistari mitatu aliyoandika kwa hamu ina faida kuliko ukurasa aliomaliza kwa machozi. Herufi zake zikiwa kubwa, zimeinama na zinatoka nje ya mstari, ndivyo zinavyotakiwa kuwa kwa umri huo.

Na fimbo isikaribie mkeka huu. Kofi, kufinya, "mjinga wewe", vyote humfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba kitabu ni kitu cha kuogopa.

Hatua ya 7: Kuhesabu kwa kushika

Anza na moja hadi tano, na mkae hapo. Mpe vizibo, ahesabu huku akigusa kimoja kimoja na kukisogeza pembeni. Akimaliza, uliza: "Vyote ni vingapi?" Akianza kuhesabu upya kutoka moja, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu. Rudieni kwa vitu vingine: vikombe, ndizi, ndala mlangoni.

Jikoni ndiko darasa lenyewe. "Tuko watu wanne, lete sahani zinazotutosha." "Umeleta tatu, bado ngapi?" "Nani ana maandazi mengi, wewe au dada?" Maneno zaidi, pungufu, sawasawa, nzito, nyepesi, ndefu na fupi yana thamani kuliko kuandika 8 vizuri.

Mchezo wa mdako umesaidia vizazi vingi kabla yetu: kurusha kokoto, kuchota nyingine shimoni, kurudisha, kuhesabu zilizobaki. Unafundisha jicho, mkono na hesabu kwa pamoja. Kwa wa miaka mitano, fungueni genge uani. Vizibo viwe pesa kwanza, baadaye mpe sarafu halisi za 50, 100 na 200 azitambue.

Akivuka kumi, mwonyeshe kwamba Kiswahili kinajieleza: kumi na moja, kumi na mbili. Panga vizibo kumi kwa mstari, weka viwili chini yake, asome: kumi, na mbili. Hapo ameshaanza kuelewa makumi na mamoja bila somo lolote.

Hatua ya 8: Kujitegemea

Walimu wa awali wakiulizwa wanataka mtoto aje akiwa anajua nini, wachache husema herufi. Husema: aende chooni mwenyewe na kunawa, avae viatu, ale bila kulishwa, aseme "naomba msaada", asubiri zamu yake. Haya yafundishe kwa mwaka mzima, polepole. Asubuhi ukiwa na haraka hutamwacha afunge vifungo mwenyewe, kwa hiyo chagua jioni.

Hatua ya 9: Wenzake na uwanja

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka 3 na 4 awe kwenye mwendo angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za nguvu kama kukimbia na kuruka. Alale saa 10 hadi 13 ukijumlisha na usingizi wa mchana. Mbele ya kioo cha televisheni au simu asizidi saa moja, na ikipungua ni bora.

Kwa hiyo kombolela si kupoteza muda. Mpange akutane na watoto wengine angalau mara tatu kwa wiki: majirani, binamu, madrasa, Sunday school. Wazazi wawili au watatu wa mtaa mmoja mnaweza kupokezana, leo kwako, kesho kwangu. Watoto wakiwa wengi nanyi mkaanza kutoza ada, hicho tayari ni kituo, na vituo vina masharti ya usajili. Waulizeni ustawi wa jamii kabla.

Hatua ya 10: Daftari lako

Kila Ijumaa andika mistari mitatu: alichoweza, kilichomshinda, alichokipenda. Weka michoro michache kwenye bahasha, na nyuma ya kila mmoja andika tarehe. Utakapodhani haendi mbele, fungua bahasha.

Matatizo yanayojitokeza

*Hataki kukaa.* Kipindi ni kirefu mno, au ana njaa, au anahitaji kukimbia kwanza. Punguza iwe dakika tano, fanyeni nje. Akikataa kwa wiki nzima, simamisha herufi kabisa kwa wiki mbili, baki na hadithi tu.

*Jana alijua, leo kasahau.* Kawaida. Usimwambie "si tulisoma jana?" Mpe jibu, endeleeni, mrudie kesho. Akisahau herufi ileile kwa majuma matatu, iweke kando na uendelee na nyingine.

*Anaandika herufi na namba kinyume.* Wengi hufanya hivyo hadi kwenye miaka 6 au 7. Mwonyeshe pa kuanzia kwa nukta, basi.

*Mdogo wake anavuruga kila kitu.* Mpe mdogo sinia lake na vitu vikubwa visivyomezeka. Kazi za mezani ziache wakati mdogo amelala.

*Mtoto wa jirani anasoma Kiingereza.* Vizuri kwake. Mtoto aliyeelewa vizuri jinsi ya kuunga sauti katika Kiswahili huupeleka ujuzi huo huo kwenye Kiingereza baadaye. Usibadilishe mpango kwa sababu ya mazungumzo ya kibarazani.

*Ameanza kigugumizi.* Hutokea kwa watoto wengi kati ya miaka 2 na 5, maneno yanapokuja haraka kuliko ulimi. Usimmalizie neno, usimwambie "tulia useme". Msikilize mpaka mwisho, nawe ongea polepole. Ikizidi miezi sita, au ukiona anakaza uso na kujilazimisha, mpeleke hospitali.

*Ukimwita hageuki, au anasogelea sana televisheni.* Usimwite mkaidi. Simama nyuma yake kimya, taja jina lake kwa sauti ya kawaida, ujaribu hivyo siku tofauti. Asipogeuka, au kama usaha humtoka masikioni mara kwa mara, akapimwe masikio. Macho nayo, kama anakunja uso kutazama picha. Nenda na kadi yake ya kliniki na lile daftari lako, maana daktari atauliza umeanza kuona lini.

*Muda wa shule umefika, nitajuaje yuko tayari?* Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba kwa ajili ya Januari. Mwezi Septemba mpeleke aione shule, achungulie darasa, aonyeshwe choo kilipo. Mwambie mwalimu kwa ufupi anachoweza na kinachomtisha. Andaa nakala ya cheti cha kuzaliwa, na usingizi wa mapema uanze kuuzoesha wiki tatu kabla ya kufungua.